Wizara ya Afya si nyama ya kugawana

Mazungumzo ya Doha kati ya serikali ya Kinshasa na AFC/M23 yalizaa tamko la kanuni Julai 2025, kisha mkataba wa mfumo Novemba mwaka huo huo. Kila mtu wa Kiwanja anaomba yazae amani pia. Lakini wazee wetu wameona mikataba mingi, na wanajua kinachofuata baada ya sahihi na picha: orodha ya majina. Nani apewe wizara gani, nani apewe jimbo, nani awe mkurugenzi, nani awe naibu wake. Sisi tunaandika mapema, kabla orodha hiyo haijasomwa, kusema jambo moja. Yeyote atakayeletwa kuongoza afya ya raia kwa sababu tu kundi lake lilidai fungu lake, tunampinga. Awe anatoka Kinshasa, Goma au hapa hapa Rutshuru, tunampinga.

Msomaji atauliza: kwa nini afya? Mbona hatusemi kuhusu madini, barabara au ushuru? Hayo nayo yana uzito wake. Lakini waziri wa barabara akikosea, gari hukwama na abiria hushuka wakalisukuma. Kiongozi wa afya akikosea, mama hufika kituoni kwa pikipiki kutoka Nyamilima au Tongo na kukuta hakuna damu, hakuna dawa, na muuguzi hajalipwa kwa miezi. Kosa la namna hiyo halisukumwi. Linazikwa.

Tunajua njia hii inakoelekea kwa sababu nchi yetu imeshaipita. Mikataba iliyoanzia Sun City ilituletea, mwaka 2003, serikali ya mpito iliyoitwa 1+4: rais mmoja na makamu wanne. Wizara ziligawanywa kati ya serikali, waasi, upinzani na mashirika ya raia, kama wawindaji wanavyogawana nyama baada ya mawindo. Kila upande ulichagua mtu wake, na swali la kwanza halikuwa anajua nini. Lilikuwa ni wa nani. Hatusemi mpito ule haukuwa na faida, maana ulisimamisha vita vikubwa na kutupeleka kwenye uchaguzi wa 2006. Tunasema tabia ya kugawana ilibaki hata baada ya mpito kwisha. Kila serikali mpya tangu hapo imesubiriwa kwa hesabu ileile: chama hiki viti vingapi, jimbo hili viti vingapi.

Na jinsi tunavyopata habari za uteuzi inasema mengi. Usiku, kwenye RTNC, msomaji huanza kusoma maagizo ya Rais, jina baada ya jina. Asubuhi raia wanaulizana: huyu ni nani? Kisheria hakuna kosa. Ibara ya 78 ya Katiba ya 2006 inampa Rais uwezo wa kuwateua wajumbe wa serikali kwa pendekezo la waziri mkuu. Ibara ya 90 inalitaka Bunge la taifa lipitishe mpango wa serikali, na hapo serikali yote hupita kwa kura moja. Hakuna siku ambapo mtu aliyependekezwa kuwa waziri wa afya anakaa peke yake mbele ya wabunge na kuulizwa: mheshimiwa, umefanya kazi gani? Ulisimamia pesa kiasi gani, na hesabu yake iko wapi? Kipindupindu kikiingia Kiwanja, siku ya kwanza utafanya nini?

Matokeo ya kutouliza tumeyaona kwa macho. Dokta Oly Ilunga alikuwa daktari kweli, aliyewahi kuongoza hospitali huko Brussels. Aliingia wizarani Desemba 2016. Ebola ilipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, yeye ndiye aliyeongoza mapambano. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2019, Rais Félix Tshisekedi aliyaondoa mapambano hayo mikononi mwake na kuyakabidhi kwa kamati ya wataalamu chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe. Ilunga akajiuzulu tarehe 22 Julai. Machi 2020, mahakama inayohukumu mawaziri ilimpa kifungo cha miaka 5 cha kazi ngumu kwa kufuja zaidi ya dola 400,000 za Ebola. Yeye alikana, akasema pesa zilitumika kwa kazi. Mahakama iliamua vingine.

Mwaka huo huo wa 2020, naibu waziri wa afya, Albert M'Peti Biyombo, alimwandikia waziri mkuu barua iliyotikisa Kinshasa. Alidai kwamba watu wa ofisi ya wizara walikuwa wakitaka taasisi zinazopewa pesa za Covid-19 zirudishe sehemu, hadi asilimia 35. Sisi Wakongomani tuna jina la mchezo huo: opération retour. Agosti 2021, aliyekuwa waziri, Dokta Eteni Longondo, alipelekwa gereza la Makala kwa ajili ya kesi ya pesa hizo za Covid-19. Wiki chache baadaye aliachiliwa, naye alishikilia kwamba hana kosa. Hatumhukumu mtu hapa. Tunahesabu tu: mawaziri wawili waliofuatana, magonjwa mawili makubwa, na mara zote mbili maswali kuhusu pesa yaliulizwa baada ya wagonjwa kuzikwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wizara inayoficha hesabu zake, kifo cha raia ndicho kinachoiumbua.

Tuangalie vizuri somo lililomo. Wote wawili walikuwa madaktari. Kwa hiyo kudai tu kwamba wizara ipewe daktari hakutoshi. Shahada ya udaktari inampa mtu ruhusa ya kutibu. Haimfanyi kuwa msimamizi wa mamilioni ya dola, wala haimpi moyo wa kukataa simu ya mkubwa wa chama anayemtafutia mjomba wake kazi. Tunachotaka kujua ni daftari lake: alikopita, aliacha nini?

Kipo pia kitu kinachopotea kabla ya pesa, nacho ni imani ya watu. Desemba 2018, tume ya uchaguzi CENI iliahirisha uchaguzi wa Beni na Butembo hadi Machi 2019, na Ebola ikatajwa miongoni mwa sababu. Watu walikuwa sokoni, kanisani na kwenye mabasi kila siku, lakini kupiga kura ndiko kulikoonekana hatari. Siku iliyofuata, waandamanaji wa Beni walivamia kituo cha Ebola. Kuanzia hapo, mtu aliyevaa koti jeupe alionekana kwa wengi kama mjumbe wa siasa. Aprili 2019, Dokta Richard Mouzoko, Mkameruni aliyefanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi akiwa hospitalini Butembo. Ugonjwa ule ulikuja kutangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 2,287 kufa. Hatuwezi kusema wangapi kati yao waliuawa na virusi na wangapi waliuawa na hofu ya kwenda hospitali. Lakini kila muuguzi wa Kivu Kaskazini anajua kwamba hofu nayo ilichukua wake.

Na uteuzi ukiwa biashara ya juu, ajira inakuwa biashara ya chini. Tume huru iliyochunguza mambo ya Ebola ilitoa ripoti Septemba 2021. Ilitaja watu 83 walioshukiwa kuwadhulumu wanawake kingono katika mapambano yale, 21 kati yao wakiwa waajiriwa wa Shirika la Afya Duniani. Wanawake wengi walisimulia jambo lilelile: waliahidiwa kazi. Pale ambapo cheo cha juu hutolewa kwa ukaribu na si kwa sifa, kazi ya usafi nayo hutolewa kwa bei, na anayelipa bei hiyo ni msichana asiye na mjomba Kinshasa.

Je, uteuzi mzuri unafananaje? Profesa Muyembe alikuwa Yambuku mwaka 1976, Ebola ilipoonekana mara ya kwanza. Ameongoza taasisi ya utafiti INRB kwa miaka mingi. Moja ya dawa mbili zilizothibitika kutibu Ebola mwaka 2019, majaribio yake yakifanyika hapa kwetu mashariki, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit mwaka 1995, na Muyembe alikuwa katika kazi hiyo tangu mwanzo. Hakuhitaji kujitambulisha. Wala hatumfanyi malaika: mapambano yaliendelea kuwa na kasoro nzito hata chini yake, zikiwemo zile za ripoti tuliyoitaja. Lakini hakuna aliyeuliza anatafuta nini katika Ebola, kwa sababu jibu lilikuwa katika maisha yake yote.

Sasa turudi nyumbani. Kiwanja iko chini ya M23 tangu mwishoni mwa Oktoba 2022. Tangu Goma ilipoanguka Januari 2025, jimbo letu lina magavana wawili: Meja Jenerali Évariste Somo Kakule, aliyeteuliwa na Kinshasa na anayefanya kazi kutoka Beni, na Bahati Musanga Joseph, aliyewekwa Goma na AFC/M23. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, benki zikafunga milango. Muuguzi wetu anayeandika ripoti ya wagonjwa jioni hujiuliza ni mkubwa gani ataudhika akiituma kwa mwingine. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi hapa ni daftari la kituo cha afya.

Afya ya nchi hii haikujengwa kwa mtindo wa bendera mbili. Tangu miaka ya 1980 imejengwa kwa maeneo ya afya, ambayo leo ni zaidi ya 500 nchi nzima. Wilaya yetu peke yake ina Rutshuru, Binza, Bambo, Birambizo, Kibirizi na Rwanguba. Muuguzi wa kituo humwambia daktari mkuu wa eneo, huyo huwaambia wa jimbo, wa jimbo huiambia Kinshasa, na chanjo na dawa hushuka kwa njia ileile. Ukimweka mtu asiyefaa katikati ya mnyororo huo, kila kilicho chini yake kinakatika. Aina mpya ya mpox iligunduliwa Kamituga, Kivu Kusini, kwa sababu wahudumu wa afya wa mji wa wachimba dhahabu waliona vidonda visivyo vya kawaida, wakasema, na juu yao kulikuwa na watu wa kusikiliza. Agosti 2024 dunia nzima ilitangaziwa dharura. Kama daktari wa eneo angekuwa ameletwa kwa ajili ya kumpendeza bwana fulani, pengine angewaambia wanyamaze.

Ndiyo maana upinzani wetu hauishii kwenye kiti cha waziri. Unamhusu katibu mkuu wa wizara, unamhusu mkuu wa kitengo cha afya cha jimbo, na zaidi sana unamhusu daktari mkuu wa eneo la afya. Waziri hatumwoni Kiwanja. Daktari wa eneo ndiye anayeamua friji ya chanjo itengenezwe leo au mwezi ujao.

Wengine wamejifunza kuuliza mapema. Kenya, kwa Katiba ya 2010, Rais hupendekeza jina la waziri, na Bunge ndilo huliidhinisha au kulikataa. Jina hutangazwa, na raia yeyote anaweza kupeleka pingamizi lake kwa maandishi akiwa ameapa. Mara nyingi wabunge hupitisha kila jina, hilo halina siri. Lakini Agosti 2024, baada ya vijana kujaa barabarani na Rais William Ruto kulivunja baraza lake, wabunge walimkataa Stella Soi Lang'at aliyependekezwa kwa wizara ya jinsia. Hata Marekani, Machi 2025, Ikulu iliondoa jina la Dave Weldon aliyependekezwa kuongoza kituo chao cha kudhibiti magonjwa, saa chache kabla ya kuhojiwa na maseneta, kwa kuwa kura hazikutosha. Mwezi mmoja kabla, Robert F. Kennedy Jr., aliyejulikana kwa miaka mingi kwa kutilia shaka chanjo, alikuwa amepita kwa kura 52 dhidi ya 48 kuwa waziri wa afya. Juni mwaka huo akatangaza kwamba nchi yake haitalipa tena Gavi, mfuko unaosaidia kuwanunulia chanjo watoto wa nchi kama yetu. Kwa hiyo kuhojiwa si dawa ya kila kitu. Lakini watu wa kule walijua wanachopewa kabla ya kupewa, na waliokataa waliandikwa kwa majina.

Upinzani wa raia unaweza pia kushinda bila bunge. Oktoba 2017, mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alimtangaza Robert Mugabe wa Zimbabwe kuwa balozi wa hiari wa shirika hilo. Madaktari, mashirika na serikali zilipiga kelele: nchi ambayo hospitali zake zimeanguka, na rais wake hutibiwa nje, itafundisha nini kuhusu afya? Siku chache tu zilipita, uteuzi ukafutwa. Hakuna jiwe lililorushwa.

Tunasikia majibu ya wenye kutupinga. La kwanza: amani inahitaji kugawana, na asiyepewa kitu atarudi porini. Tunalielewa, kwa maana sisi ndio tunaokimbia wakirudi porini. Kiwanja haijasahau Novemba 2008, raia walipouawa hapa karibu kabisa na kambi ya Umoja wa Mataifa. Kama lazima vyeo vigawanywe, na vigawanywe vile ambavyo makosa yake hayazikwi. Afya ibaki nje ya meza, ikabidhiwe kwa watu ambao pande zote mbili zinaweza kuwakubali kwa kazi yao. Amani inayoanza kwa kumnyang'anya mgonjwa daktari wake haitafika mbali.

La pili ni zito zaidi: mkianza kupinga majina, mtapinga makabila. Hatari hiyo ipo, na katika Rutshuru tunaijua kwa damu. Kwa hiyo tuseme wazi. Hatumpingi mtu kwa sababu ni Mhutu, Mtutsi, Mnande au Mluba. Hatumpingi kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake. Hatumpingi kwa jimbo alikozaliwa. Anayetumia makala hii kumtukana jirani yake hakuisoma. Mtoto mwenye surua haulizi muuguzi ni wa kabila gani. Tunapinga njia ya kumleta mtu, na tunapinga rekodi yake kama ni mbaya. Basi.

Njia ya kufanya hivyo tayari iko mikononi mwetu. Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa mwenye mamlaka, ambaye anatakiwa kujibu ndani ya miezi 3. Ibara ya 99 inawataka wajumbe wa serikali kutangaza mali ya familia zao kwa maandishi mbele ya Mahakama ya Katiba. Na wabunge wanaweza kumwondoa waziri mmoja kwa kura ya kutokuwa na imani, bila kuiangusha serikali nzima.

Kwa hiyo tunadai yafuatayo. Kwanza, walioko Doha waandike kwamba vyeo vya afya, kuanzia wizara hadi eneo la afya, si sehemu ya mgao. Pili, jina lolote la kiongozi mkuu wa afya litangazwe mapema, pamoja na kazi alizofanya na hesabu alizosimamia, na kamati ya Bunge imhoji hadharani, hata kama sheria bado haijalazimisha. Tatu, magavana wote wawili wakubaliane kwamba hakuna daktari wa eneo la afya atakayeondolewa au kuwekwa kwa sababu ya bendera, na kwamba ripoti ya ugonjwa itapita kila upande bila ruhusa ya askari. Nne, posho na mishahara ya wahudumu ilipwe kwanza, kabla ya gari la mkubwa mpya.

Kwa mashirika ya raia, makanisa, misikiti, vyama vya wauguzi na wanafunzi wa Rutshuru, tunasema: msisubiri RTNC isome. Andikeni sasa. Orodheshni mnachotaka kwa kiongozi wa afya, pigeni sahihi, pelekeni nakala Kinshasa, nakala Goma, nakala Beni, na nakala kwa wapatanishi wa Qatar. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Jina likishasomwa usiku, mwenye jina huamka asubuhi ana ofisi, ana walinzi na ana watu wa kumtetea. Kabla ya hapo ni jina tu kwenye karatasi, na karatasi bado inaweza kurudishwa.